Kura ya Kumwondoa Kocha

Mechi ya saba tulifungwa manne bila, na ninachokumbuka ni kwamba filimbi ya mwisho ilipolia hakuna aliyelia. Mechi ya kwanza ya msimu, tulipofungwa moja tu, nusu ya timu ilikaa chini kwenye vumbi na kushika vichwa. Ya pili na ya tatu yalitoka maneno makali, wawili wakanyimana salamu wiki nzima. Kufikia ya saba tulivua viatu, tukakunja jezi, mtu akauliza kama kuna maji ya kunywa, tukaenda zetu nyumbani.

Mimi nilikuwa nahodha. Chuo chetu ni cha ufundi, kiko Kawangware, mwendo mfupi kutoka nyumbani kwetu Kabiro, na nilikuwa mwaka wa pili nikisomea umeme. Timu ya mpira ya wasichana ilikuwa na watu kumi na wanane. Wengi walikuwa wa ushonaji na ususi, wachache wa mapishi, na sisi wawili wa umeme: mimi na kipa, ambaye alikuwa rafiki yangu tangu shule ya msingi. Mama zetu walikuwa kanisa moja. Tulikuwa tukienda na kurudi pamoja kila siku, na watu wa plot yetu, majirani wa nyumba za kupanga za ua mmoja, waliponiona peke yangu waliniuliza mwenzangu ni mgonjwa.

Kocha alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Magharibi kama wazazi wangu, lakini alikuwa ameishi Kibera, upande wa Makina, tangu akiwa kijana. Asubuhi alikuwa seremala, mchana mara tatu kwa wiki alikuja kutufundisha. Zamani alikuwa kipa, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikunyooka tena. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Nilipojiunga na timu alinitazama nikifanya mazoezi siku mbili, siku ya tatu akanisimamisha upande wa kushoto nyuma na kuniambia, "Wewe hukimbii sana, lakini unafika." Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kitu nikakielewa haraka namna ile.

Mambo yalianza kubadilika mwanzoni mwa mwaka wangu wa pili, polepole, na nadhani mimi ndiye niliyeyaona kwanza kwa sababu nahodha husimama karibu na kocha. Siku moja wakati wa mapumziko alituambia tushambulie goli lililo upande wa barabara. Lilikuwa goli letu. Tulicheka, naye akacheka, akasema jua limemwingia machoni. Wiki nyingine aliniambia nimwite namba kumi, na akataja jina la msichana aliyemaliza chuo miaka miwili kabla. Nikamwambia, "Kocha, huyo alishaenda." Akanitazama kama mtu anayesubiri niendelee. Halafu akasema, "Ndiyo. Basi mwite aliyepo."

Mechi ya kwanza ya ligi ilipofika, alinipa karatasi ya kikosi ikiwa haina kitu. "Kapteni, andika wewe leo. Mwandiko wangu umeharibika." Nikaandika. Nilidhani atanitajia majina, lakini alikuwa ameshaondoka kwenda kukagua nyavu. Nilijaza kumi na mmoja, nikampelekea, akasoma juu hadi chini kwa makini sana, akatia sahihi. Mechi ya pili vivyo hivyo. Kufikia ya tatu hatukuwa tunazungumza juu yake tena. Alinipa karatasi, nikaandika, akasaini.

Sikumwambia mtu. Niliona ni heshima. Tena, nikisema ukweli, nilipenda. Kila Jumamosi nilijiandika namba tatu kabla ya mtu mwingine yeyote, na namba moja nikamwandika rafiki yangu. Tulikuwa na kipa wa pili, msichana mrefu wa mwaka wa kwanza aliyekuja kutoka shule yenye mpira, na mazoezini alikuwa akidaka mipira ambayo rafiki yangu aliiangalia tu ikipita. Niliona. Kila mtu aliona. Jumamosi ikifika nilimwandika rafiki yangu.

Baada ya mechi ile ya saba, mkuu wa michezo aliniita ofisini. Alikuwa mama wa kunyooka, mwenye kusema jambo mara moja. Hakuniambia niketi.

"Chuo kinafikiria kubadilisha kocha," akasema. "Lakini sitaki kesho nisikie wachezaji wamegoma. Kaeni, muongee, mpige kura. Uniletee jibu Ijumaa."

"Kura ya siri?"

"Sijali. Mnyooshe mikono. Nataka tu kujua mko upande gani."

Nikasema sawa. Kwenye ngazi nilisimama kidogo nikisubiri moyo unipige, kama unavyopiga mtu akiitwa ofisini. Haukupiga. Nikaenda darasani, tukafundishwa namna ya kupima waya uliokatika ndani ya ukuta, na nikaandika yote vizuri daftarini.

Tulikutana Alhamisi saa kumi katika karakana ya uchomeleaji, kwa sababu ndiyo iliyokuwa wazi. Tulikaa juu ya meza za chuma na mabomba. Aliyeanza kusema ni mshambuliaji wetu, msichana wa ushonaji kutoka Kawangware, kituo cha 46, mwenye bao moja msimu mzima na hasira ya mabao ishirini.

"Mimi sina ubaya na mzee," akasema. "Ni mtu poa. Lakini sisi tunapigwa kila wiki na yeye anapanga watu walewale. Hata mtu kipofu, maze, angebadilisha. Beki wa kushoto anapitwa, wiki ijayo yuko hapo. Kipa anafungwa nne, wiki ijayo yuko hapo. Huyo ni kocha ama ni picha?"

Watu wengine wakacheka. Beki wa kushoto nilikuwa mimi, na alisema akinitazama usoni, bila uchungu. Nilijua kwamba hapo ndipo pa kusema. Ilikuwa sentensi fupi: kikosi nakiandika mimi. Niliitengeneza kichwani, ikakaa pale, imekamilika. Mdomo haukufunguka. Haikuwa hofu, maana hofu naijua. Ilikuwa kama kumwangalia mtu mwingine akikaa kimya.

Rafiki yangu ndiye aliyesimama kumtetea. Hakuwa mtu wa kuongea mbele ya watu, na alishika glavu zake kwa mikono miwili kama Biblia.

"Mimi najua nafungwa," akasema. "Siku nyingine hata nikiwa kitandani naona mpira ukipita. Lakini kila Jumamosi nikiona jina langu pale, najua kuna mtu mmoja ananiamini. Yeye alikuwa kipa. Anajua kitu kipa anapitia. Mkimtoa, sawa, lakini mkono wangu hamtauona."

Kipa wa pili, yule mrefu, alikuwa amekaa mlangoni akichora chini kwa kijiti cha chuma. Hakuinua uso.

Kiungo mmoja akauliza kama tumewahi kuongea na kocha mwenyewe. Mwingine akasema kuongea naye ni sawa na kuongea na redio, husikia halafu anaendelea na yake. Mwingine akasema juzi alimwita kwa jina la mtu asiyemjua. Wakacheka tena, kidogo. Mshambuliaji akasema imetosha, tupige kura.

Mikono tisa ikapanda ya kutaka aondoke. Mikono minane ikabaki chini. Wote wakageuka kunitazama mimi, maana nilikuwa nikihesabu na bado sijapiga.

Ningeweza kubaki chini, tukawa tisa kwa tisa, na mkuu wa michezo akaamua mwenyewe. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilinyoosha. Nikitaka kujisifu, nasema nilijua mzee anaumwa na alihitaji kupumzika. Nikitaka kujihukumu, nasema nilitaka aondoke na karatasi zake kabla mtu hajatazama mwandiko. Ukweli ni kwamba mkono ulipanda na mimi nikauona ukipanda. Rafiki yangu naye aliuona. Akavaa glavu zake, zote mbili, akatoka nje.

Siku hiyo nilirudi nyumbani peke yangu. Mama alikuwa akichambua mboga mlangoni. Nikamwambia tumepiga kura ya kumtoa kocha.

"Alikosa nini?"

"Tunafungwa."

"Kwani yeye ndiye anayecheza?"

Nikachukua kisu nikamsaidia kukata mboga.

Barua ilitoka Jumatatu. Mkuu wa michezo alisema kocha hakuwa akishika simu, na kwamba ingekuwa vizuri apelekewe na mtu anayemjua, si tarishi. Nilichukua bahasha, nikatembea kwa miguu hadi Barabara ya Ngong, nikavuka, nikaendelea hadi Makina. Nilikuwa nimefika kwake mara moja tu, tulipompelekea pole alipofiwa na dada yake. Nilimkuta mkewe nje akianua nguo. Alinitambua kabla sijajitambulisha.

"Wewe ni kapteni," akasema. "Karibu, mwanangu. Yuko ndani."

Kocha alikuwa ameketi kwenye kiti alichokitengeneza mwenyewe, amevaa shati safi lililofungwa vifungo vyote. Alifurahi kuniona. Alisimama, akanipa mkono, akauliza mama hajambo, akauliza mvua imefika upande wa kwetu. Nilimpa bahasha. Aliifungua vizuri bila kuichana, akaitazama barua kwa muda, kisha akampa mkewe. "Nisomee. Miwani sijui nimeiweka wapi."

Miwani ilikuwa mfukoni mwa shati lake. Mkewe alimsomea pole pole, kwa sauti ileile tangu mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa barua fupi yenye shukrani nyingi. Alipomaliza, kocha akatikisa kichwa mara mbili.

"Ni haki," akasema. "Timu ikipoteza lazima mtu atoke. Na Jumamosi mnacheza na nani?"

Nikamwambia. Akasema wale wana winga wa kulia mwenye mbio, nisimfuate mpirani, nimsubiri. Alisema hivyo kwa uhakika, kama mtu mwenye akili timamu kabisa, na winga huyo kweli alikuwepo, na kweli alikuwa na mbio. Nikaona nikichelewa sitasema tena.

"Kocha, zile karatasi za kikosi nilikuwa naandika mimi. Nilikuwa najiandika mwenyewe. Na rafiki yangu. Kulikuwa na wengine wazuri zaidi."

Alinitazama kwa upole. "Na nani mwingine angeandika?" akasema.

Mpaka leo sijui alinijibu nini. Sijui kama alijua wakati wote, au kama ilikuwa tu sentensi ya adabu ya mtu ambaye ameshapoteza mwanzo wa mazungumzo. Alimwomba mkewe chai. Tukanywa chai.

Mkewe alinisindikiza hadi kwenye njia kubwa. Aliniambia mzee anaumwa zaidi ya mwaka sasa. Alianza kwa kusahau vipimo vya mbao, akakata meza ya mteja miguu mitatu mirefu na mmoja mfupi. Halafu akaanza kupotea akitoka chuoni, akawa anarudi saa mbili usiku na viatu vimejaa matope. "Nimekuwa nikimshonea namba yangu ya simu ndani ya mfuko wa suruali," akasema. "Kila suruali. Mimi nilikuwa nangoja chuo kiseme imetosha, maana mimi nikisema angenichukia. Ninyi mmenisaidia."

Nilitaka kumwambia hatukufanya kwa ajili hiyo. Badala yake nikasema, "Sawa, mama." Nikarudi Kawangware kwa miguu. Nilipita mahali ambapo siku zote hununua mahindi ya kuchoma, nikanunua, nikala nikitembea, na yalikuwa na ladha yake ya kawaida.

Kocha mpya alikuwa kijana mwenye filimbi shingoni na orodha za kila mtu kwenye simu yake. Wiki ya kwanza alitupima mbio. Wiki ya pili alinichukua kando na kuniambia bila kuzunguka kwamba nitaanza benchi, na kwamba utepe wa nahodha utavaliwa na mshambuliaji. Kipa wa mwaka wa kwanza akapewa namba moja. Mechi ile tukatoka sare. Iliyofuata tukafungwa moja kwa penalti. Ya tatu tukashinda, mbili kwa moja, na wasichana wakakimbia hadi kwenye kibendera cha kona wakaangukiana. Sisi wa benchi tuliinuka tukapiga makofi. Nilipiga makofi hadi wengine walipoacha. Nilitafuta ndani yangu kama kuna furaha au wivu, chochote, nikapata tu kwamba miguu ilikuwa na baridi.

Rafiki yangu alikuwa amekaa mwisho wa benchi hilohilo. Siku chache baada ya kura tulikuwa tumeanza kutembea pamoja tena, maana njia ni moja, lakini tulizungumza juu ya mitihani tu. Siku ile ya ushindi, tukirudi, alisema, "Unaona? Wamebadilisha mambo yote. Angalau mzee aliona kitu kwangu."

Nadhani kama angesema lingine lolote ningenyamaza. Nikamwambia. Nilimwambia yote, kuanzia karatasi tupu ya kwanza. Alisikiliza akitazama mbele. Tulipita duka la vyuma, tukapita kanisa, tukafika kona ya plot yetu.

"Kwa hivyo hakunichagua hata siku moja," akasema.

"Nilikuchagua mimi."

"Wewe ni rafiki yangu. Wewe si kocha." Akahamishia begi lake bega la pili. "Afadhali ungeninyamazia hii pia."

Aliacha timu wiki ile. Hakugombana na mimi, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Alinisalimia, akaazima koleo langu darasani, akanirudishia. Alianza kupita njia ya nyuma. Watu wa plot waliniuliza, na mimi nikasema yuko salama.

Msimu uliisha tukiwa wa pili kutoka mwisho. Msimu uliotangulia, chini ya mzee, tulikuwa wa tano. Kuna watu chuoni wanaosema kocha mpya alituokoa tusishuke daraja, na wengine wanasema tungempa mzee muda tungerudi wenyewe. Nimesikia ubishi huo kwenye foleni ya chakula na sikuwahi kuuingilia. Mimi ndiye pekee niliyekuwa na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa kwamba kwa mechi saba timu haikuwa na kocha wa kuondoa.

Mwaka mmoja baadaye, nikiwa nimeshamaliza chuo na kuanza kibarua kwa fundi mmoja wa umeme, mke wa kocha alinipigia simu. Walikuwa wanahamia nyumbani Magharibi kabisa. Watoto wao walikuwa mbali, na yeye hakuweza kuinua kitanda peke yake. Nikamwomba fundi ruhusa ya asubuhi. Nilimpigia mshambuliaji, ambaye sikutarajia aje, akaja. Nilimtumia rafiki yangu ujumbe, hakujibu, lakini nilipofika Makina nilimkuta ameshafika, ameshika upande mmoja wa kabati na mke wa kocha ameshika mwingine. Akanisalimia, "Sasa." Nikasema, "Poa." Nikashika kabati mahali pa mama huyo.

Tulipakia kwenye pikapu kitanda, meza, masufuria, na msumeno na randa za kocha zilizofungwa ndani ya blanketi. Yeye alikaa kwenye kiti chake nje, kwenye jua, akitutazama kama fundi anayesimamia vijana. Kila aliyepita karibu naye alimshukuru. Mshambuliaji alichuchumaa mbele yake na kumwambia, "Kocha, mimi ni namba tisa wako," akajibiwa, "Vizuri sana, mama. Mungu akubariki." Mshambuliaji akasimama haraka, akaenda kufunga kamba ambayo ilikuwa imeshafungwa.

Kiti kilipakiwa mwisho. Mkewe alimpandisha mbele, akamfunga mkanda. Kocha alitupa mkono mmoja mmoja kupitia dirishani, mimi, mshambuliaji, rafiki yangu, kwa heshima kubwa, kama mgeni aliyekaribishwa vizuri mahali asipopajua. Mkono wa rafiki yangu aliushika kidogo zaidi, akaugeuza, akavitazama vidole. Gari likaondoka.

Tulisimama pale hadi lilipopinda. Mshambuliaji akasema ana njaa. Rafiki yangu akasema yeye anarudi kwa dada yake Kangemi, siku hizi anaishi huko. Mimi nilirudi kazini. Fundi aliniuliza mbona nimechelewa, nikamwambia kulikuwa na watu wanahama, akanipa ngazi, tukaendelea kupitisha waya juu ya dari.